Soma ripoti kabla hujaipenda picha

Vijana wanaoanza kazi ya kuchora chipu hunitumia picha kwanza. Programu zimekimbia usiku kucha, asubuhi mtu anafungua faili la mwisho kwenye KLayout, programu ya kutazamia michoro ya chipu, na kukuta mstatili uliojaa rangi: safu za seli, gridi ya umeme imekatiza wima na mlalo, nyaya zimepishana tabaka juu ya tabaka. Chini ya picha ameandika, "Kaka, imekubali!" Namwelewa. Mtu aliyeandika kurasa mbili za Verilog, lugha ya kuielezea chipu kwa maandishi, akaziona zimegeuka maumbo ambayo kiwanda kinaweza kuyachonga kwenye silikoni ana kila haki ya kufurahi. Nampongeza kwa dhati, kisha namwomba kitu kimoja: nitumie ripoti ya holdi, moja ya vipimo vya muda vya chipu.

Wengi hawajui iko folda gani. Ndiyo sababu naandika.

Kazi yangu huanzia pale msimbo unapoishia. Mhandisi wa mantiki anakabidhi maelezo ya kile ambacho chipu inatakiwa kufanya. Programu kama Yosys inayageuza kuwa netilisti, yaani orodha ya seli na jinsi zilivyounganishwa. Kwenye netilisti hakuna umbali wala joto, na waya unaounganisha seli mbili hauna urefu wowote. Sisi wa upande wa maumbo ndio tunaoipa orodha hiyo mwili: eneo litakuwa kubwa kiasi gani, umeme utaingilia wapi, kila seli itakaa mahali gani, saa (mapigo ya umeme yanayopanga mwendo wa chipu) itazifikiaje flipflopu zote (seli zinazohifadhi biti moja moja), nyaya zitapita tabaka ipi. Kwenye teknolojia ya SKY130, ambayo wengi wenu mnajifunzia, seli za maktaba inayotumika zaidi zina kimo cha mikromita 2.72, umeme wake ni volti 1.8, na juu ya transista kuna tabaka moja fupi ya kuunganishia majirani, kisha tabaka tano za alumini. Kila kitu lazima kienee humo.

Sitapitia hatua zote. Mpango wa eneo na gridi ya umeme vinastahili makala yake, na kuhusu kupanga seli, siku hizi programu inapanga vizuri kuliko mhandisi yeyote ninayemfahamu. Nataka nikae na muda, kwa sababu ndiko chipu nyingi zenye picha safi zinakofia.

Kila flipflopu hupokea data pigo la saa linapofika, na inadai masharti mawili. La kwanza ni setapu: data iwe imefika na kutulia kabla ya pigo. La pili ni holdi: data isibadilike upesi mno baada ya pigo lile lile. Setapu inajulikana na wote kwa sababu ndiyo inayopanga kasi ya chipu, na ndiyo watu wanayojivunia kwenye mikutano. Lakini ukikosea setapu, hata chipu ikisharudi kutoka kiwandani bado una pa kushika. Unapunguza kasi ya saa, data inapata muda wa kufika, na kazi inaendelea, japo polepole. Holdi haina nafuu hiyo, kwa kuwa inahusu pigo moja lililozifikia flipflopu mbili kwa nyakati tofauti. Hata ukiishusha saa mpaka ipige mara moja kwa sekunde, kosa litabaki pale pale.

Fikiria watu waliosimama mstari wakipokezana karai za zege. Filimbi ikilia, kila mmoja anampa wa mbele yake karai aliyoshika na kupokea ya nyuma. Sasa mmoja katikati ya mstari asikie filimbi kwa kuchelewa. Jirani yake wa nyuma tayari amekwisha kumsukumia karai mpya wakati ile ya kwanza bado iko mikononi mwake. Ukiagiza filimbi ilie kwa nafasi zaidi hujamsaidia, kwa sababu tatizo lake ni kuchelewa kuisikia.

Tuifanyie hesabu, kwa namba za kubuni lakini za kawaida. Flipflopu ya kwanza inapata pigo kwenye nanosekunde 0.90. Data mpya inatoka baada ya 0.30, inapita kwenye waya mfupi kwa 0.05, inafika ya pili kwenye 1.25. Lakini mti wa saa, yaani njia zinazosambaza pigo, umezunguka mbali kuifikia hiyo ya pili, pigo linaingia kwenye 1.35, na flipflopu inadai data isiguswe kwa 0.02 zaidi. Data ilitakiwa isibadilike kabla ya 1.37, nayo imebadilika kwenye 1.25. Slaki, yaani muda unaobaki, ni hasi 0.12. Kwenye picha huwezi kuona lolote: seli mbili zimekaa jirani, waya mfupi unapendeza, makosa ya DRC (ukaguzi wa kanuni za uchoraji) ni sifuri. Tena ufupi wa waya ule ndio unaokuumiza.

Kuna jambo jingine. Hesabu hiyo hufanywa kwenye hali kadhaa, tunazoziita kona. Maktaba ya SKY130 inakuja na kona ya polepole, nyuzi joto 100 na volti 1.60, na kona ya haraka, nyuzi hasi 40 na volti 1.95, mbali na ile ya katikati ya nyuzi 25 na volti 1.80. Holdi huwa inakuumbua zaidi kwenye kona ya haraka, pale transista zinapokimbia kuliko kawaida. Mtu akiangalia kona ya katikati peke yake, akaona slaki chanya ya 0.03, akalala usingizi, hajamaliza kazi.

Mfano ninaoupenda, na ambao uko hadharani ili kila mtu ajifunze, ni wa Caravel. Mwaka 2020 Google na kiwanda cha SkyWater cha Marekani waliifungua SKY130 kwa umma: kanuni za uchoraji, seli, na modeli za transista, vitu ambavyo kwa kawaida huvipati bila kusaini mkataba wa siri. Kampuni ya Efabless ikaendesha mizunguko ya kutengeneza chipu ambayo Google iliilipia, na miradi 40 ikapanda pamoja kwenye kila mzunguko bila wenye miradi kulipa. Kila mradi uliwekwa ndani ya fremu iliyoitwa Caravel: kichakataji kidogo cha RISC-V cha usimamizi, pini 38 za kuingiza na kutoa, na eneo la takriban milimita za mraba 10 kwa ajili yako.

Kila pini kati ya zile 38 ilihitaji biti 13 za kuiambia iwe ya kuingiza, ya kutoa, au vinginevyo. Biti hizo zilisukumwa kwa minyororo miwili, mmoja kila upande wa chipu, pini 19 kwa kila mnyororo, kutoka kizuizi (kipande cha mchoro) cha pini moja hadi cha jirani yake. Kila kizuizi kilikuwa kimejengwa kivyake, kikawekwa mahali pake, kisha vyote vikaunganishwa kwa nyaya za ngazi ya juu. Kwenye mizunguko ya mwanzo chipu zilirudi na makosa ya holdi pale pale kwenye maungio, kati ya kizuizi na kizuizi. Biti iliyotakiwa kusubiri pigo moja zaidi ilipita bila kusubiri, na kila kilichofuata nyuma yake kikahama kwa hatua moja. Ukiiagiza pini ya nane iwe ya kutoa, pini inapokea agizo lililopinda.

Wahandisi wa jamii ya Caravel hawakuzitupa chipu. Walitengeneza programu inayojaribu pini moja baada ya nyingine na kugundua kila ungio lina hali gani: zima, bovu wakati wote, au bovu kulingana na biti zinazopita. Yaani kosa la holdi lenyewe lilikuwa na aina. Kisha programu inapanga mfuatano wa biti uliopindishwa kwa makusudi, ili ukishapita kwenye maungio mabovu ufike ukiwa sawa. Mimi naiheshimu sana kazi ile. Nimeisoma tena na tena, na kila nikifundisha naitumia, kwa sababu inaonyesha mambo mawili kwa mpigo: kosa la sehemu ya nanosekunde linaweza kula miezi ya watu, na kosa lililowekwa wazi linafundisha kuliko mafanikio yaliyofichwa. Viwandani makosa kama hayo yapo, lakini hufungiwa kabatini pamoja na mkataba.

Angalia pia lilikotokea: kwenye maungio. Ndani ya kizuizi programu ilikuwa inaona kila kitu. Kati ya vizuizi ndipo lazima mtu aulize, "Njia hii imepimwa na nani?" Swali hilo ndilo kazi yetu. Nimelipa uzito kuliko ujuzi wa programu yoyote.

Na programu zenyewe ni nyingi. Kwenye makampuni utakutana na Innovus ya Cadence, Fusion Compiler na PrimeTime za Synopsys, Calibre ya Siemens. Ni zana zenye nguvu kubwa, na leseni zake hazifikiki kwa chuo cha kawaida cha kwetu. Upande wa programu huria kuna OpenROAD, mradi ulioanza mwaka 2018 ukiongozwa na Andrew Kahng wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, kwa fedha za DARPA, shirika la utafiti la wizara ya ulinzi ya Marekani, ukiwa na lengo lililowashtua watu wakati ule: kutoka msimbo hadi mchoro kamili ndani ya saa 24 bila mkono wa mtu katikati. Kuna Magic, iliyozaliwa Berkeley miaka ya 1980 na bado inafanya kazi hadi leo. Kote huko, za kulipia na za huria, lugha ya kuziamuru ni Tcl. Wanafunzi huniuliza kwa nini lugha ya zamani hivyo. Ni kwa sababu ilizaliwa nyumba hii hii: John Ousterhout, aliyekuwa kwenye timu ya Magic, aliibuni Berkeley mwaka 1988 baada ya kuchoka kuona kila zana ya kuchorea chipu inakuja na lugha yake ndogo dhaifu. Jifunzeni Tcl bila manung'uniko. Itawalisha.

Sasa nieleze kisa cha kazini. Nafanya kazi Ujerumani, kwenye kampuni ambayo haina haja ya kutajwa, na mradi wenyewe ulikwisha zamani. Kulikuwa na kizuizi kimoja cha hesabu kilichogoma kuungika. Kila tukiendesha hatua ya nyaya, sehemu ya katikati inajaa, nyaya zinakosa pa kupita, maelfu ya makosa ya DRC. Saa ya kizuizi kile ilikuwa na mzunguko wa nanosekunde 2, si kasi ya kutisha. Walioshika kizuizi walifanya yale ambayo sote tunayafanya: walipunguza msongamano wa seli, wakasogeza kumbukumbu pembeni, wakaongeza eneo. Likiongezwa eneo, linajaa tena. Jambo hilo ndilo lililonishtua. Eneo likiongezeka bila nafuu, maana yake kuna kitu kinazaana.

Niliachana na picha nikafungua orodha ya seli. Bafa, yaani seli zinazopitisha ishara bila kuibadilisha, zilikuwa nyingi kupita kiasi, na nyingi zilikuwa zile za kuchelewesha. Nikachagua njia moja kwenye ripoti ya holdi na kuisoma mstari kwa mstari. Flipflopu, geti, kisha bafa, bafa, bafa, zimefuatana msururu mzima, kisha flipflopu ya mwisho. Kila moja inaongeza kaucheleweshaji kake. Nikashuka hadi chini kwenye mahitaji, pale panapoandikwa pigo la kupokea linahesabiwa wakati gani. Kwa holdi ya kawaida pale panatakiwa pawe sifuri, pigo lile lile. Paliandikwa 2.00.

Yeyote aliyefanya kazi hii ameshaielewa. Timu ya mantiki ilikuwa imeruhusu, kwa haki kabisa, njia zile zichukue mizunguko miwili ya saa. Kwenye faili la masharti, linaloiambia programu njia zipimwe vipi, waliandika `set_multicycle_path 2 -setup`. Sentensi hiyo inasogeza ukaguzi wa setapu hadi nanosekunde 4, na ukaguzi wa holdi unaifuata nyuma kwa pigo moja, unakwenda kukaa kwenye nanosekunde 2. Ili holdi irudi nyumbani, lazima iandikwe sentensi ya pili, `set_multicycle_path 1 -hold`. Haikuwepo. Kwa hiyo programu ilisoma agizo hivi: data isifike kabla ya nanosekunde 2, hata kwenye kona ya haraka, wala isipite nanosekunde 4, hata kwenye kona ya polepole. Ikatii. Ikajaza bafa kila nafasi iliyoipata, na tulipoiongezea eneo ikashukuru na kujaza zaidi.

Sentensi ya pili ikaandikwa, bafa zikatoweka, kizuizi kikaungika kwenye eneo la awali. Hakuna aliyegusa mchoro.

Tangu hapo, mtu akinionyesha tatizo la msongamano, la joto, la umeme kushuka, naomba faili la masharti kabla ya kuangalia kitu kingine. Kwa maoni yangu faili lile ndilo hati muhimu kuliko zote kwenye mradi, na ndilo linaloandikwa kwa haraka kuliko yote. Programu haina njia ya kujua ulichokusudia. Inajua ulichoandika, na usichokiandika haikipimi. Ripoti isiyo na kosa inaweza kuwa ripoti ya chipu iliyo salama. Inaweza pia kuwa ripoti ya njia ambazo hazikuwahi kukaguliwa. Zote mbili zinafanana kwa macho.

Hapa ndipo zana huria zinapotufaa watu wa kwetu, na silisemi kwa kuwa hazina bei. Kwenye kampuni kubwa, mhandisi mchanga anapewa kizuizi kimoja, hatua moja, skripti iliyoandikwa na wengine miaka mingi iliyopita, na anaweza kumaliza mwaka bila kuona faili la masharti likiandikwa tangu mstari wa kwanza. Mwanafunzi wa Dodoma au wa Nyeri mwenye kompyuta ya kawaida na LibreLane, msururu wa zana huria, anapita njia nzima peke yake, kutoka Verilog hadi GDSII, faili la mchoro linalokwenda kiwandani, na kila uamuzi uko kwenye faili la maandishi analoweza kulifungua. Akitaka kujua kwa nini bafa imewekwa pale, anaweza kusoma msimbo wa programu iliyoiweka. Mimi sikuwa na nafasi hiyo nilipoanza, na ningependa kila anayekuja nyuma yetu aitumie mpaka mwisho.

Milango ya kiwandani nayo bado iko wazi. Efabless ilifunga shughuli zake mwaka 2025 na wengi walidhani mambo yamekwisha. Lakini Tiny Tapeout, iliyoanzishwa na Matt Venn mwaka 2022 ili mtu anunue kigae kidogo tu cha chipu anayochangia na wengine, ilihamia viwanda vingine, ikiwemo taasisi ya IHP ya Frankfurt (Oder) hapa Ujerumani, ambayo nayo imeifungua teknolojia yake ya nanomita 130. LibreLane yenyewe ndiyo mwendelezo wa OpenLane iliyozaliwa Efabless.

Kwa hiyo ukishamaliza kuendesha LibreLane, nenda kwenye folda ya matokeo, tafuta hatua ya upimaji wa muda inayofanyika baada ya nyaya kutandikwa na ukinzani wake kukokotolewa. Ile ya kabla ya nyaya ni makadirio. Ndani utakuta kona tisa, kwa sababu kila hali ya transista inapimwa na hali tatu za nyaya. Fungua zile zenye `ff_n40C_1v95`, kisha faili la `min.rpt`, ndiyo ripoti ya holdi ninayoiomba. Usitafute tu neno la kosa. Chukua njia moja mbaya na moja nzuri, uzisome zote mbili kwa sauti: saa imetoka wapi, imepita bafa ngapi, imefika lini, data imefika lini, nani amemsubiri nani. Ukiweza kumweleza mwenzako njia moja bila kuruka mstari, umeanza kazi.

Wiki chache zilizopita kijana mmoja wa Mbeya alinitumia faili hilo badala ya picha. Nilifurahi kuliko ambavyo ningefurahia picha yoyote. Hapakuwa na kosa hata moja kwenye kona zote tisa. Alikuwa ameandika faili lake mwenyewe la masharti, fupi, lenye saa na mambo machache. Nikamwomba aendeshe `check_setup`. Akanirudishia orodha ya pini zake za kuingiza, zote, kwamba hazikuambiwa data inaingia lini. Njia zote zinazoanzia kwenye pini hizo hazikuwa zimepimwa.

"Kwa hiyo kaka, ripoti ilikuwa inasema kweli lakini haijaangalia?"

"Hujaiambia iangalie."

Akaandika `set_input_delay` kwa kila pini, thamani ya juu na ya chini, akaendesha upya. Makosa ya holdi yakajitokeza mawili, yote kwenye pini zilizokuwa karibu mno na flipflopu zake. Programu ikaweka bafa, ikamaliza. Nikadhani tumefunga mjadala. Usiku akaandika tena: amesoma orodha ile hadi chini, ameona reseti yake, ishara ya kuianzisha chipu upya, inaingia moja kwa moja kwenye flipflopu bila kupitia saa, na sasa anataka kujua ikiachiliwa karibu na pigo itakuwaje, na kama reseti nayo ina holdi yake.

Inayo, nikamjibu, na kwenye ripoti ina jina lake. Kesho tunaanzia hapo.